Kwa Nini Tarakilishi Haioni "Hawakusoma": Matatizo ya Faharasa katika Madaftari ya Kielektroniki

Mwanafunzi wa Kiswahili jijini Nairobi siku hizi hubeba maktaba mkobani. Maelezo ya mihadhara ya Bewa Kuu, nukuu alizozitoa katika vitabu vya Maktaba ya Ukumbusho ya Jomo Kenyatta, nakala za nyaraka kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Barabara ya Moi, na rasimu za tasnifu yenyewe, yote yamo katika daftari la kielektroniki, yaani programu ya tarakilishi ya kuwekea vidokezo. Daftari hilo hulishinda lile la karatasi kwa jambo moja kubwa: linatafutika. Mtu huandika neno na kuletewa kila ukurasa lilimo. Sasa chukulia kwamba mwanafunzi huyo, akiwa chumbani mwake Kangemi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, anaandika "soma" akitafuta mifano ya kitenzi hicho katika vidokezo vya riwaya aliyoichambua. Programu inamletea mifano mitatu. Anaandika katika tasnifu kwamba kitenzi hicho kimetumika mara tatu, kumbe kimetumika mara arobaini.

Makala haya yananuia kueleza chanzo cha kosa la aina hiyo na namna ya kulibaini kabla halijamfikia mtahini.

Ni vyema kuanza na faharasa yenyewe. Programu haisomi vidokezo vyote upya kila inapoulizwa swali. Hutengeneza mapema orodha ya maneno, kila neno likiandamana na mahali linapopatikana, mfano wa faharasa iliyo nyuma ya kitabu. Mtu anapouliza, programu huitazama orodha hiyo tu. Baadhi ya programu huwa na orodha yao wenyewe. Nyingine, kama vile OneNote ya mwaka 2007, ziliitegemea ile inayotengenezwa na Windows. Kwa vyovyote vile, jibu la "hakuna" huwa na maana mbili: ama neno halimo katika vidokezo, ama halimo katika orodha. Skrini haimwambii mtafutaji ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupima. Mwanafunzi afungue ukurasa anaoujua, achague neno moja lililomo, tuseme "hawakusomeshwa", alinakili herufi kwa herufi na kulitafuta. Lisipopatikana, faharasa ina hitilafu. Likipatikana, ilhali "soma" halikuuleta ukurasa huo, faharasa ni nzima na tatizo liko katika sarufi. Watu wengi huruka kipimo hiki, wakafuta programu na kuiweka upya, na kesho yake wakakuta mambo ni yale yale.

Hitilafu ya aina ya kwanza ina visababishi vichache, na kilicho karibu zaidi na maisha ya mwanafunzi ni umeme. Windows hupunguza kasi ya kuijenga faharasa, au huisitisha, mashine inapotumia betri na pia mwenyewe anapoendelea kuandika. Mwanafunzi anayeshuka mjini kwa matatu kupitia Barabara ya Waiyaki, akaifungua tarakilishi kwa saa moja darasani bila kuichomeka, kisha akaifunga mara tu anapomaliza kuandika, huinyima faharasa nafasi ya kufanya kazi. Vidokezo vya juma zima vinaweza kukosekana katika orodha, hali vya muhula uliopita vyote vimo. Dawa yake ni nyepesi: mashine iachwe ikiwa imechomekwa kwenye umeme, imewashwa, bila kuguswa, hata usiku kucha. Ikiwa hali haibadiliki, ahakikishe kuwa kabrasha la vidokezo limo katika orodha ya mahali panapopekuliwa, kisha aamuru faharasa ijengwe upya. Amri hiyo hufuta orodha, haifuti vidokezo. Hata hivyo, kuweka nakala ya akiba kabla ya kuanza si woga.

Kisababishi kingine ni picha. Ukurasa wa kitabu uliopigwa picha au kupitishwa kwenye skana unasomeka kwa macho ya binadamu, lakini kwa tarakilishi ni madoa meusi kwenye weupe. Ni sharti upitishwe kwanza katika programu ya kutambua herufi. Tesseract, ambayo hupatikana bila malipo, ina data maalumu ya Kiswahili, ingawa matokeo yake yanafaa kuhakikiwa, hasa pale chapa ilipofifia.

Aina ya pili ndiyo inayopaswa kumshughulisha mwanaisimu. Faharasa nyingi hulinganisha maneno kuanzia mwanzo wake. Anayeandika "som" ataletewa soma, someni na somo, kwa sababu yote yanaanza hivyo. Hataletewa anasoma, walisoma, hawakusoma, msomi wala masomo. Katika orodha, "anasoma" limewekwa chini ya A, "walisoma" chini ya W na "hawakusoma" chini ya H, na hakuna uzi unaoyaunganisha. Mpango huu unaifaa lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata viambishi tamati vya Kiingereza ili maneno ya shina moja yakutane katika faharasa, na kanuni hizo zingali zinatumika katika programu nyingi. Kiswahili hubeba nafsi, njeo, ukanushi na ngeli mwanzoni mwa neno. Kukata mkia hakusaidii wakati mzigo uko kichwani.

Suala hili si geni kwa watunzi wa kamusi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 hukusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyoandaliwa na TUKI, huorodhesha nomino pamoja na viambishi vyake vya ngeli, hivi kwamba "msomi" yuko katika M na "somo" liko katika S. Kila mpango una hasara yake, lakini yote miwili inamtegemea msomaji anayejua kuivua "hawakusoma" nguo zake kabla ya kufungua kurasa. Tarakilishi haina ujuzi huo isipokuwa imefundishwa.

Na imewahi kufundishwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 jinsi tarakilishi inavyoweza kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na juhudi zake ndizo zilizozaa mfumo wa SALAMA pamoja na hazina ya matini ya Helsinki, iliyotolewa mwaka 2004 ikiwa na takriban maneno milioni 12.5. Mwaka 2006, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walichapisha utafiti wa kuifunza tarakilishi kutambua aina za maneno ya Kiswahili kwa kutumia matini hizo za Helsinki. Daftari la kawaida la kielektroniki, hata hivyo, halikujengwa juu ya kazi hizi.

Kilichopatikana ni njia ya mkato. Toleo la 3.34 la SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya programu nyingi, lilileta mwishoni mwa mwaka 2020 namna ya kuorodhesha vipande vya herufi tatu tatu badala ya maneno mazima. Programu inayoitumia namna hiyo huweza kuipata "som" popote ilipo ndani ya neno. Lakini njia ya mkato ina miiba. "Som" itamleta pia Msomali. Kitenzi cha silabi moja kama -la au -fa hakifikishi herufi tatu, kwa hivyo hakitafutiki peke yake. Tena "limi" italeta "ulimi" na kuiacha "ndimi", maana hapo mzizi wenyewe umegeuka sura. Anayehesabu matumizi ya neno hana budi kutafuta umoja na wingi mbalimbali. Vilevile, kwa kuwa irabu ya mwisho hubadilika katika "asome" na "hasomi", ni afadhali atafute mzizi, si kitenzi chenye -a.

Ipo pia alama ndogo inayosumbua kuliko ukubwa wake, nayo ni ile ya ng'. Programu za kuandikia hati hupenda kuigeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho, ng'ombe wawili hao ni sawa. Kwa tarakilishi, ni herufi mbili tofauti. Faharasa nyingine huikata alama hiyo kabisa na kuorodhesha "ng" na "ombe" kama maneno mawili. Anayeshuku na atafute "ombe" peke yake. Likimletea ng'ombe, atakuwa amejua neno linakatwa wapi.

Hakuna faharasa ya maumbo itakayotambua kwamba tarakilishi, kompyuta na ngamizi ni kitu kimoja. Mwanafunzi aliyemsikiliza mhadhiri mmoja akitumia neno la kwanza na mwingine akitumia la pili ana vidokezo visivyojuana. Njia inayofaa ni ya mkono: mwishoni mwa kila kidokezo aongeze mstari mmoja wenye mizizi ya maneno makuu na visawe vyake, kila kimoja kikitengwa kwa nafasi, kikiwa hakina kiambishi wala alama yoyote. Mstari huo huandikwa kwa nusu dakika, na hata faharasa inayosoma mwanzo wa neno tu itauona.