Mguu Usiosikia Mwiba

Wachungaji wa ng'ombe katika vichaka vya Hombolo, mkoani Dodoma, huvaa makatambuga ya tairi kwa sababu mwiba wa mgunga hupenya kandambili bila shida. Ukimchoma mtu, mguu hunyanyuka kabla mwenyewe hajajua kilichompata. Taarifa imekwisha kupanda kwenye neva hadi uti wa mgongo, na uti wa mgongo umeiamuru misuli ikunje goti bila kungoja ubongo.

Maumivu hufuata, tena kwa awamu mbili: kwanza mchomo mkali, kisha uchungu wa kuwaka unaodumu. Nyuzi za mchomo zimefunikwa na ala nyembamba ya mafuta, na hupitisha taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi za uchungu wa pili hazina ala hiyo. Kasi yake haizidi mita 2, karibu sawa na mtu anayetembea kwa haraka.

Zote ni za mfumo wa neva wa pembezoni, yaani neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Jozi 12 huchipuka kichwani na jozi 31 mgongoni, kisha hugawanyika hadi ncha za vidole. Kuna zinazoleta hisia, kuna zinazopeleka amri kwenye misuli, na kuna zinazoendesha jasho, mapigo ya moyo na usagaji wa chakula hata mtu akiwa usingizini.

Hombolo inajua pia kinachotokea neva hizi zikinyamaza. Kwa miaka mingi kijiji hicho kimekuwa na kituo cha watu walioathirika na ukoma, kama ilivyo Sukamahela huko Manyoni, mkoani Singida. Kwa wengi ukoma ni ugonjwa wa ngozi, na wapo wanaouita laana. Kwa hakika ni ugonjwa wa neva. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen nchini Norway mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kwa hiyo huvamia neva zilizo karibu na ngozi na kujificha ndani ya seli za Schwann, zile zinazotengeneza ala ya mafuta.

Neva ya kiwiko, ile ambayo ukiigonga mezani shoti hukimbia hadi kidole cha mwisho, ni miongoni mwa zinazoathirika sana. Ikiharibika, kidole hicho na jirani yake hujikunja. Ikiharibika ya pembeni mwa goti, unyayo huburuta. Ya usoni ikiguswa, jicho hushindwa kufumba.

Nyuzi za jasho nazo hufa. Ngozi isiyotoa jasho hukauka, na katika kiangazi kirefu cha Dodoma kisigino hupasuka. Mwenye mpasuko huo hachechemei, kwa kuwa hasikii chochote. Hutembea juu yake hadi uwe kidonda, na kidonda hadi mfupa. Hapo ndipo vidole hupotea. Daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kuwa vidole hivyo haviozi vyenyewe: huumizwa na majeraha, moto na maambukizi ambayo mwenyewe hakuyahisi. Ugunduzi huo ulistahili kuwaondolea watu hawa aibu waliyobebeshwa bure.

Tofauti na uti wa mgongo, neva ya pembezoni iliyokatika inaweza kuota upya, takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole ni safari ya zaidi ya mwaka, na si kila neva hufika. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu kuliko yote. Dawa mseto ya ukoma hutolewa bila malipo na humezwa kwa miezi 6 au 12. Neva iliyoanza kudhurika hivi karibuni huweza kuokolewa kwa dawa ya prednisoloni.

Mwenye baka lililopauka kwenye ngozi afumbe macho, mtu wa nyumbani aliguse kwa pamba. Asipohisi, aende kituo cha afya wiki hiyohiyo, hata kama haliumi. Baka lisilouma ndilo la kuogopwa.