Waifai kwenye kompyuta ya mezani: kweli au porojo?

Umeshayasikia haya, usibishe. Umenunua kompyuta ya mezani ya mtumba, mashine ngumu iliyokuwa ofisini huko Ulaya, bei imekaa vizuri. Umefika nyumbani, umeiwasha, unatafuta alama ya waifai pale chini kulia. Haipo. Basi hapo kila mtu anageuka fundi: jirani ana lake, shemeji ana lake, na kijana wa dukani ana lake pamoja na bei yake.

"Hiyo haishiki waifai mpaka ubadilishe mazabodi."
Si kweli. Mashine nyingi za ofisini hutoka kiwandani bila waifai kwa sababu ofisini zilikuwa zinatumia waya, hakuna zaidi. Kuongeza ni kazi ndogo: ama unachomeka adapta ya USB, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, ama unafungua boksi na kupachika kadi kwenye tundu la PCIe. Mazabodi inabaki ileile. Ila ukichagua kadi, pima kwanza upana wa boksi lako (hilo tunaloliita sipiyu, wakati sipiyu yenyewe ni chipu iliyojificha humo ndani). Maboksi membamba yanataka kadi yenye kibati kifupi. Mimi sikupima. Kesho yake nilirudi dukani na kadi nzuri tu, kibati kirefu, nikaanza kubembeleza kubadilishiwa.

"Ukiwa na adapta, bando hununui tena."
Si kweli, na anayekuuzia kwa maneno hayo mwogope. Ndoo mpya haileti maji kwenye mtaa uliokatiwa. Adapta inakuunganisha na ruta au simu iliyo karibu; kama huko hakuna intaneti, utaona alama imewaka na hakuna ukurasa unaofunguka.

"Chukua iliyoandikwa 600, inakimbia mara mbili ya 300."
Si kweli, na hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea. Namba kwenye boksi la adapta ni jumla. Ile ya AC600 inahesabu megabiti 433 kwa sekunde kwenye masafa ya gigahezi 5, inaongeza 150 za gigahezi 2.4, kisha inakadiria kwenda juu. Lakini adapta inatumia masafa mamoja kwa wakati mmoja! Ruta yako ikiwa ya zamani, yenye gigahezi 2.4 pekee, "600" yako imeshakuwa 150, na ile ya 300 uliyoidharau inaipita kwa hesabu za karatasini. Nimesema karatasini kwa sababu kasi halisi huwa chini ya hapo, mara nyingi nusu tu au pungufu. Na kama kifurushi unacholipia ni megabiti 10, zote mbili zitakupa 10. Angalia ruta kwanza, ndipo uangalie boksi.

"Chomeka tundu lolote, ni mamoja."
Si kweli kabisa. Fikiria boksi lilivyokaa: chini ya meza, mgongo ukutani. Adapta ikiwa huko nyuma, mbele yake kuna bati, na bati ni adui wa mawimbi ya redio. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: vifaa vya USB 3, vile vya matundu ambayo mara nyingi ni ya bluu, vinapofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Intel wenyewe waliliandika mwaka 2012. Yaani unakopi filamu kwenye diski ya nje, na adapta iliyochomekwa pembeni yake inaanza kuyumba. Dawa yake ni rahisi: waya wa kurefusha USB, wa mita moja, unaoipandisha adapta juu ya meza. Kwangu vistari viwili vya waifai vikawa vinne, na sikununua adapta nyingine.

"Mikrowevu inakata waifai."
Kweli. Nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na kiasi kidogo kinachovuja kinatosha kuivuruga ruta iliyo jirani. Ukiweza hamia gigahezi 5, ukijua kwamba hiyo nayo inachoka upesi inapokutana na kuta.

"Simu inatosha, adapta ya nini?"
Kweli, kwa dharura. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na simu nyingi zitaipitishia kompyuta hata waifai ya nyumbani, si bando tu. Hii ndiyo inayokuokoa adapta inapodai draiva, na draiva yenyewe ipo kwenye CD wakati kompyuta yako haina pa kuiweka. Ila kama unatumia bando, iambie Windows kwamba mtandao huo unapimwa, la sivyo masasisho yatalimaliza kabla hujafungua barua pepe.

"Waya ni waya."
Kweli, na wakongwe wa kompyuta hawakukosea. Hewani vifaa vinapokezana zamu, kimoja kikisema vingine vinangoja. Kwenye waya kompyuta ina njia yake peke yake, na waya wa kawaida wa mtandao unafika mita 100. Kwangu, kutoka sebuleni hadi chumba cha kompyuta hata 20 hazifiki. Waya ninao, umekunjwa kabatini, unamsubiri mwenye nyumba aniruhusu kutoboa ukuta.