Akula gani? Nyambizi za Urusi na majina ya kuchanganya

Ukisikia nyambizi ya Urusi ikiitwa Akula, uliza kwanza: nani anaongea? Akula kwa Kirusi ni papa, na kwa Warusi hilo ni jina la nyambizi za mradi wa 941, kubwa zaidi kuwahi kuundwa duniani. Urefu karibu mita 175, na ndani sauna pamoja na kidimbwi cha kuogelea. Si mchezo! Ila NATO waliziita Typhoon, kisha jina Akula wakalibandika nyambizi zingine kabisa, za mradi wa 971. Hapo ndipo watu hubishana bure.

Wewe shika namba ya mradi, halafu uliza imebeba nini. 941 ilibeba makombora ya nyuklia ya masafa marefu. Kazi yake ilikuwa kujificha tu, ikingoja amri. 971 huwinda nyambizi wenzake na meli. Nayo 949A, yenye makombora 24, iliundwa kuzamisha manowari za Marekani zinazobeba ndege.

Kursk ilikuwa 949A. Agosti 12, 2000, ikiwa mazoezini katika Bahari ya Barents, topido ililipuka humo ndani. Mabaharia 23 walinusurika milipuko, wakajikusanya sehemu ya nyuma. Afisa mmoja, Dmitri Kolesnikov, aliorodhesha majina yao kwenye karatasi. Ilipatikana baadaye kwenye mwili wake. Wote 118 waliokuwa ndani walikufa.