Hadithi Iliyojaza Sanduku la Posta

Kwa miaka kadhaa Shirley Jackson alikuwa akienda posta ya mji mdogo wa North Bennington, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, bila wasiwasi wowote. Majira ya joto ya 1948 mambo yakageuka. Barua zilimiminika kumi hadi kumi na mbili kwa siku, hata ikambidi akodi sanduku kubwa kuliko yote pale posta. Mkuu wa posta naye akaacha kumsemesha.

Chanzo kilikuwa hadithi fupi, "The Lottery", yaani bahati nasibu, iliyotoka katika toleo la 26 Juni la jarida la The New Yorker. Jackson alikuwa na miaka 31, mama wa watoto wawili, wa tatu yuko tumboni, mumewe mhakiki Stanley Edgar Hyman. Jarida hilo lilikuwa limeshachapisha hadithi zake nyingine, na hakuna iliyomletea balaa. Hii ilimletea. Ghadhabu ya wasomaji haielezeki bila kufichua mwisho wa hadithi, basi anayetaka kuisoma kwanza aiweke makala hii kando. Ni kurasa chache tu.

Ni asubuhi ya tarehe 27 Juni, jua linawaka na maua yamechanua. Wanakijiji wapatao 300 wanakusanyika kwenye uwanja ulio kati ya posta na benki. Wavulana wanaokota mawe na kuyarundika pembeni. Wanaume wanazungumza mvua, matrekta na kodi, wanawake wanapiga umbea. Bwana Summers anawasili na sanduku jeusi lililochakaa, kwa kuwa leo ni siku ya kura ya kila mwaka. Tessie Hutchinson anakuja amechelewa, anajifuta mikono kwenye aproni, anatania kwamba asingeviacha vyombo bila kuviosha, na watu wanacheka. Kila mkuu wa familia anachota karatasi. Kura inaiangukia familia ya Hutchinson, inarudiwa miongoni mwa watu watano wa nyumba hiyo, na karatasi yenye doa jeusi inamfikia Tessie. Hapo ndipo msomaji anapojua mshindi hupata nini. Majirani wanayaendea mawe, akiwemo rafiki aliyekuwa akicheka naye muda mfupi uliopita. Hata mwanawe mdogo, Davy, anatiwa vijiwe mkononi.

Hadithi inakomea hapo. Nani aliianzisha kura hii, na kwa nini haiachwi, mwandishi hasemi.

Jackson alizisimulia barua zile katika mhadhara wa mwaka 1960, uliochapishwa baada ya kifo chake. Kwa hesabu yake alipokea zaidi ya 300 msimu ule, na zilizomsemesha kwa upole zilikuwa 13 tu, nyingi za marafiki. Mama yake mzazi hakuwemo katika hao: alimwandikia kwamba yeye na baba hawakuipenda kabisa. Nyinginezo Jackson alizigawa mafungu matatu: za walioachwa njia panda, za waliobuni maelezo yao wenyewe, na za matusi ya wazi. Kuna waliovunja uandikishaji wao wa jarida. Kuna aliyedai kuombwa radhi na mwandishi mwenyewe, na kuna aliyeagiza aambiwe asitie mguu Kanada. Msomaji mmoja aliuliza kama wanakijiji wale walikuwa kizazi cha walowezi wa Kiingereza walioendeleza tambiko la kale la kuombea mavuno.

Lakini zilizomtisha Jackson si hizo. Wako walioandika kwa adabu kabisa, bila lawama wala hasira, wakitaka kujua kura hizo hupigwa wapi, na je, mgeni anaweza kwenda kutazama?

Ni rahisi leo kuwacheka watu hao, ila si haki. Nyakati zile The New Yorker halikuwa likibainisha kipi ni hadithi ya kubuni na kipi ni taarifa ya kweli. Jina la mwandishi liliwekwa mwishoni mwa maandishi, si juu, na maelezo ya kumtambulisha hayakuwepo. Zaidi ya hayo, wahariri walikuwa wamemwomba Jackson arekebishe tarehe iliyomo katika hadithi ili ioane na toleo, naye akakubali. Kwa hiyo msomaji alilishika jarida wikiendi ileile ambayo, kwa mujibu wa hadithi, watu walikuwa uwanjani na mawe yao. Lugha yenyewe ni ya mwandishi wa habari: tulivu, yenye tarehe, hali ya hewa na majina ya watu wa kawaida. Tena ilikuwa miaka mitatu tu tangu dunia ionyeshwe kambi za mauaji za Wanazi. Aliyeona picha zile angeapa vipi kwamba majirani wema hawawezi kufanya jambo kama hili?

Watu wengi huisifu hadithi hii kwa mwisho wake wa kushtukiza. Ukiirudia, utaona Jackson hakuficha chochote. Mawe yamo tangu aya ya pili, yanaokotwa na watoto mchana kweupe, na mwandishi hata anasema walichagua yaliyo laini na mviringo. Msomaji ndiye aliyeyaruka, akidhani ni mchezo wa wavulana, kwa sababu kijiji kilifanana na kwao. Huko ndiko hasira ilikotoka, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii. Damu walishaisoma katika magazeti na riwaya za upelelezi. Hapa walijikuta wamesimama katikati ya umati, wakisubiri matokeo ya kura kwa hamu sawa na ya wengine.

Hata wasomi walichokozeka. Alfred Kroeber, mmoja wa wanaanthropolojia wakubwa wa Marekani, aliikasirikia. Binti yake, Ursula K. Le Guin, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikumbuka kwamba kilichomuudhi baba yake ni kuwa Jackson hakueleza, wala asingeweza kueleza, jinsi desturi kama ile ingeweza kukubalika katika jamii ya wakati ule. Ni pingamizi la mtaalamu, na lina uzito. Lakini kama Jackson angetaja sababu, msomaji angepata mlango wa kutokea: hao wana sababu zao, sisi hatunazo.

Yeye mwenyewe hakupenda kufafanua. Jarida lilipomuuliza kama angependa kusema lolote kuhusu maana ya hadithi, alikataa. Julai 1948, baada ya kuombwa na kuombwa, aliliambia gazeti la San Francisco Chronicle kwamba huenda alitaka kuchukua tambiko la kikatili la zamani na kuliweka kijijini kwake, katika wakati wake, ili kuwashtua wasomaji kwa ukatili usio na maana uliomo katika maisha yao wenyewe. Alisimulia pia kwamba wazo lilimjia akisukuma kigari cha mtoto na mizigo ya sokoni kupanda mlima, akafika nyumbani na kuiandika hadithi kwa mkupuo mmoja, wiki tatu kabla ya kuchapishwa. Ruth Franklin, aliyeandika wasifu wake mwaka 2016, alipekua nyaraka na kubaini kuwa hadithi iliandikwa mapema zaidi, mwezi Machi. Mtunzi akisimulia utunzi wake, hutunga pia.

Mumewe alieleza kwamba Jackson alijivunia jambo moja: serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku hadithi ile. Aliona kwamba wao angalau waliielewa. Chama cha National, kilichojenga ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi, kilishinda uchaguzi Mei 1948, mwezi mmoja tu kabla ya hadithi kutoka.

Jackson alifariki Agosti 1965 akiwa na miaka 48, lakini ugomvi haukuishia kaburini. Mwaka 1969 kampuni ya Encyclopaedia Britannica ilitoa filamu fupi ya hadithi hii kwa ajili ya madarasa. Huko Forest Lake, jimbo la Minnesota, baadhi ya wazazi walilalamika kuwa inadhoofisha dini na maadili ya familia, na bodi ya shule ikaiondoa. Wanafunzi walikwenda mahakamani, na mwaka 1982 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba bodi imevunja haki zao, kwani filamu iliondolewa kwa sababu ya mawazo yaliyomo ndani yake. Bodi ilijitetea kwamba hakuna aliyenyimwa kitu: hadithi yenyewe ilikuwa bado rafuni katika maktaba ya shule, na yeyote angeweza kuiazima.