Istilahi za Vifaa vya Moyo na Safari za Gari-Nyumba

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea rasimu ya kijitabu ili tuisahihishe. Kijitabu chenyewe kiliandikwa Marekani kwa ajili ya wagonjwa wa moyo waliotiwa kifaa mwilini, na ambao husafiri kwa miezi mingi katika magari yaliyo pia makazi yao. Wasemaji wa Kiswahili walioko nchini humo, wengi wao kutoka Kongo, huhitaji maandishi ya hospitali katika lugha waielewayo. Kwa hiyo haja ya tafsiri hiyo ni ya kweli.

Rasimu haikuwa na kasoro kubwa za sarufi. Hata hivyo, mgonjwa ambaye angeifuata neno kwa neno angeweza kupoteza maisha yake, na sababu ni neno moja: mshtuko.

Mshtuko wa moyo, kama wasomaji wetu wajuavyo, ni jina lililoenea la maradhi ya ghafla yanayotokea mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba. Mfasiri wetu alilitumia neno hilohilo kwa umeme ambao kifaa hutoa ili kuurudisha moyo katika mapigo ya kawaida. Akaandika: “Ukipata mshtuko mmoja, na baadaye ukajisikia vizuri, mpigie daktari wako siku hiyohiyo.” Kwa habari ya umeme wa kifaa, hayo ndiyo mashauri yatolewayo na madaktari. Kwa habari ya mshtuko wa moyo, ni mashauri ya hatari, kwa maana mgonjwa huyo hapaswi kungoja hata robo saa. Je, msomaji aliye peke yake barabarani atajuaje ni mshtuko upi unaosemwa?

Tulipotafuta neno la badala, “pigo la umeme” lilikataliwa mapema, maana kijitabu kimejaa mapigo ya moyo. Ndipo tukakumbuka kwamba wananchi wana neno lao. Mtu aliyegusa waya ulio wazi husemwa kuwa amepigwa shoti. Baadhi ya wenzetu hawalipendi neno hili, kwa kuwa ni la mkopo na kwa kuwa mafundi hulitumia pia kwa hitilafu ya nyaya zinapogusana. Sisi tunaliona linafaa, maadamu huandikwa kwa ukamilifu: shoti ya umeme. Hakuna atakayelichanganya na maradhi.

Taabu ya pili ilikuwa jina la kifaa chenyewe. Rasimu ilisema “kifaa cha moyo” kila mahali, ilhali vifaa ni vitatu na kazi zao ni mbalimbali. Cha kwanza huuongoza moyo unaopiga polepole mno. Kifaa cha namna hii kilitiwa ndani ya mwili wa mtu kwa mara ya kwanza tarehe 8 Oktoba 1958 nchini Uswidi, katika hospitali ya Karolinska. Mhandisi Rune Elmqvist alikiunda na daktari Åke Senning akafanya upasuaji. Kifaa hicho cha kwanza kilidumu kwa saa chache tu, lakini mgonjwa, Arne Larsson, alibadilishiwa vingine zaidi ya ishirini na akaishi hadi 2001. Cha pili hungoja mpaka moyo uanze kwenda mbio kwa namna ya kuua, ndipo kitoe shoti. Mtu wa kwanza alitiwa kifaa hiki mwaka 1980 mjini Baltimore, baada ya juhudi za miaka mingi za daktari Michel Mirowski. Cha tatu ni kidogo mno, hukaa chini ya ngozi ya kifua, nacho hakitibu lolote: huandika tu mwendo wa moyo.

Lugha yetu ina njia iliyokwisha kuzoeleka ya kuunda majina ya namna hii: kipazasauti, kinasasauti, kipimajoto. Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza kiongozamapigo kwa cha kwanza, kirejeshamapigo kwa cha pili na kinasamapigo kwa cha tatu. Jina “betri ya moyo” laweza kubaki katika mazungumzo, lakini katika maandishi halitenganishi cha kwanza na cha pili, kwani vyote vina betri.

Kadhalika tunaonya juu ya kitenzi kupandikiza. “Amepandikizwa moyo” ni mtu aliyepewa moyo wa mtu mwingine. Rasimu ilitumia maneno hayo kwa mtu mwenye kiongozamapigo, ambacho kwa kawaida hukaa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, na kupeleka waya moyoni. Kutiwa kifaa kunatosha.

Sasa tuje kwenye neno lililotusumbua kuliko yote. Vifaa vingi vya siku hizi hupeleka taarifa zake kwa kisanduku kiwekwacho karibu na kitanda, au kwa simu ya mgonjwa, na kutoka hapo taarifa hufika kliniki kwa njia ya mtandao wa simu, aghalabu usiku mgonjwa akiwa amelala. Rasimu ilisema kwamba moyo wake “unalindwa usiku na mchana”. Kulinda ni kuwapo na kuwa tayari kuokoa. Kliniki haifanyi hivyo. Watumishi wake husoma taarifa saa za kazi, na hakuna gari la wagonjwa litakalotumwa kwa sababu kisanduku kimepeleka habari. Tunapendekeza ufuatiliaji wa mbali. Anayefuatilia huja nyuma ya jambo, na hivyo ndivyo ilivyo.

Tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa msafiri. Mtu ambaye kliniki yake iko Michigan naye anapitisha majira ya baridi katika jangwa la Arizona aweza kukaa mahali pasipo na mtandao wa simu, au akazima inveta usiku ili kutunza betri ya gari, na kisanduku kikakosa umeme. Kifaa huendelea kufanya kazi yake na kuhifadhi kumbukumbu, lakini kliniki haipati kitu mpaka mawasiliano yarudi. Mgonjwa anayedhani analindwa hataona haja ya kuwaarifu wauguzi kabla ya kuondoka.

Gari lenyewe rasimu iliita “gari la starehe”, kwa kufuata maneno ya Wamarekani. Kwa msomaji wetu hilo ni gari la tajiri, ilhali wako watu wasio na makao mengine. Gari-nyumba litumike kwa lile lenye injini yake, na trela-nyumba kwa lile livutwalo. Karavani tumeiacha, maana wengine huielewa kuwa ni msafara.

Limebaki neno “usikaribie”. Waundaji wa vifaa hutaja masafa: kwa kawaida sentimeta 15 kutoka simu ya mkononi, 30 kutoka injini inayonguruma, na 60 kutoka jiko linalopasha sufuria kwa nguvu za sumaku. Masafa hayo hupimwa kutoka mahali kifaa kilipo kifuani, si kutoka mkononi. Rasimu ilimkataza mgonjwa kulikaribia jiko kabisa, na katika gari-nyumba, ambamo jiko liko hatua mbili kutoka kitandani, agizo hilo halitekelezeki. Iandikwe: “Kifua chako kiwe mbali na jiko kwa sentimeta 60 au zaidi.”

Sentensi ya mshtuko tumeirudisha kwa mfasiri ikiwa hivi: “Kirejeshamapigo kikikupiga shoti moja ya umeme, na baadaye ukajisikia vizuri, ipigie kliniki siku hiyohiyo. Kikikupiga shoti mbili au zaidi katika siku moja, au ukiumwa kifua, ukikosa pumzi au ukizimia, wewe au uliye naye apige 911 papo hapo.”