Kompyuta Isiyolala: Kwa Nini Betri Hufa Kwenye Gari Jipya

Tarehe 22 Februari 2022 kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G nchini Marekani, na miongoni mwa walioumia walikuwemo watu ambao hawakuwa na habari kwamba magari yao yana laini ya simu. Baadhi ya magari ya Subaru yaliyotoka kiwandani miaka michache tu kabla ya hapo yalifungwa kifaa cha mawasiliano kilichotegemea mtandao huo, kazi yake kubwa ikiwa kuita msaada ajali inapotokea. Mtandao ulipoondoka, kifaa kiliendelea kuutafuta mchana na usiku, gari limefungwa na ufunguo umetundikwa ndani ya nyumba, mpaka betri ikaisha. Aliyefunga betri mpya kwenye gari la namna hiyo na kuacha kifaa kilivyo alikuwa amenunua siku chache tu za kuwasha gari. Kisa hiki kina faida moja kubwa kwetu, nayo ni kwamba chanzo kilijulikana wazi. Magari mengine mengi yenye umri wa mwaka mmoja au miwili hukutwa yamekufa asubuhi, fundi huleta betri nyingine, gari huwaka, na hapo uchunguzi huishia. Hoja yangu ni kwamba uchunguzi wa namna hiyo haujaanza. Betri ikifa kwenye gari karibu jipya, swali la kwanza si betri ina nini, bali ni kipi kilichokuwa macho usiku kucha.

Namna madini ya risasi na asidi vinavyotoa umeme imeelezwa mara nyingi tangu Mfaransa Gaston Planté alipounda betri ya aina hii mwaka 1859, na sioni sababu ya kuirudia. Tuchukue hesabu tu. Betri iliyojaa, ikipimwa baada ya kupumzika saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12 stata haitegemewi tena. Betri ya kawaida ya gari dogo hubeba ampea-saa 60 hivi. Gari la kisasa lililolala vizuri hutumia miliampea 20 hadi 50 kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kipokezi cha ufunguo. Tuseme ni 30: kwa siku haifiki hata ampea-saa moja, na kwa mwezi ni kama 22, kwa hiyo mwenye gari anaweza kusafiri wiki tatu, akarudi na gari likawaka. Kompyuta moja ikishindwa kulala na kufanya matumizi yapande hadi miliampea 500, siku tatu zinatosha kuondoa ampea-saa 36. Mtandao mzima wa kompyuta ukibaki macho kwa ampea 3, gari lililoegeshwa saa mbili usiku litakuwa limepoteza ampea-saa 30 kufikia saa kumi na mbili asubuhi. Betri haikuharibika. Ilifanya kazi iliyotakiwa, kwa uaminifu, hadi nguvu ikaisha.

Mafundi husema gari kama hilo “linakula chaji”, na naona msemo wao ni sahihi kuliko “mvujo wa umeme” unaotumiwa na wengine. Mvujo unatupeleka kutafuta waya uliochubuka au mahali penye unyevu, kana kwamba umeme umetoroka njia yake. Katika gari jipya umeme hautoroki. Unapita kwenye waya uleule uliopimwa na mhandisi, unafika kwenye kifaa kilekile kilichokusudiwa, na kifaa hicho kinafanya kazi yake halali katika saa isiyo yake. Ndiyo maana kukagua nyaya kwa macho hakusaidii.

Sasa tuje kwenye usingizi wenyewe, jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika gari. Gari la leo lina makumi ya kompyuta ndogo, na la kifahari huweza kuzidi 100. Mlango una yake, breki zina yake, redio ina yake. Huzungumza kupitia jozi ya nyaya zilizosokotwa, kwa utaratibu uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mjini Detroit mwaka 1986. Kwa kawaida utaratibu huo hauna mkuu. Hakuna kompyuta yenye mamlaka ya kuziambia nyingine zilale. Lazima zikubaliane zenyewe. Fikiria bweni la shule lenye vitanda 60, lisilo na kiranja wala mlezi. Sheria ni moja tu: mwenye kazi aseme “bado” kila baada ya muda mfupi. Aliyemaliza anyamaze, ila asifumbe macho. Akae kitandani akisikiliza. Ikipita muda uliokubaliwa bila “bado” hata moja kusikika, wote hulala kwa pamoja na taa huzimwa. Ni mpango wa haki, maana hakuna anayelazimishwa kulala kazi yake ikiwa katikati, na hakuna anayeachwa akizungumza na watu waliokwisha kulala. Lakini chukua mwanafunzi mmoja kwenye kitanda cha pembeni anayesubiri barua isiyokuja. Hapigi kelele wala hali zaidi ya wenzake. Kila zamu ikifika anasema “bado”, na wenzake 59 wanakesha kwa ajili yake, taa ikiwaka. Ukihesabu asubuhi umeme uliotumika hutamjua aliyesababisha, kwa kuwa wote walikuwa macho sawasawa. Tena yupo wa aina ya pili, anayelala vizuri halafu anashtuka kila baada ya dakika 20. Akishtuka anaita, bweni zima linaamka, linasikiliza, linakuta hakuna jambo, linarudi kulala. Atakayepita katikati ya miamko miwili atakuta kimya kabisa na kuandika kwenye daftari lake kwamba bweni halina tatizo. Kuna magari yanayoruhusu kundi moja la kompyuta kulala huku jingine likikesha, lakini tabia ya msingi ni hiyo.

Bweni hilohilo linaeleza kwa nini upimaji wa mazoea hupotosha. Njia ya zamani ni kufungua kichwa cha betri, kuweka mita katikati, kisha kung'oa fyuzi moja moja hadi matumizi yashuke. Kwenye gari la miaka ya 1980 ilitosha. Kwenye gari la leo, kufungua kichwa cha betri hukatia kompyuta zote umeme, na zikiupata tena huanza upya; ile iliyokuwa imekwama huanza upya pamoja na wenzake, huenda ikalala vizuri, na ushahidi ukafutika. Kufungua mlango huamsha mtandao. Kusogea na ufunguo mfukoni huweza kuuamsha pia, na kung'oa fyuzi kisha kuirudisha huamsha kifaa kilichokuwa kimelala. Fundi makini hufanya hivi: hufungua boneti na mlango kwanza, hugeuza komeo la kila kimoja kwa bisibisi ili gari liamini vimefungwa, hupeleka ufunguo mbali, huvalisha waya wa betri mita ya kubana isiyohitaji kukata chochote, iwe ya aina inayoweza kusoma miliampea, kisha husubiri. Kusubiri kwenyewe ni nusu saa, magari mengine saa nzima. Baada ya hapo hagusi fyuzi. Hupima tofauti ya volti kati ya ncha zake mbili. Fyuzi ndogo ya ampea 10 ina ukinzani wa milioham 7 au 8 tu, lakini miliampea 100 zikipita huacha tofauti ya takriban milivolti 0.7, na mita nzuri huiona. Anayeshtuka kila baada ya dakika 20 hukamatwa kwa mita inayorekodi usiku mzima.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa pingamizi ninalolisikia zaidi, kwamba betri ilibadilishwa na tatizo likaisha, kwa hiyo betri ndiyo ilikuwa mbovu. Kubadilisha betri ni kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Umeongeza akiba, na pia umezianzisha kompyuta zote upya. Kupona kwa gari baada ya hapo hakuonyeshi ni lipi kati ya mawili hayo lililoliponya. Anayetaka kujua angeichaji betri ileile kikamilifu na kuipima uwezo wake kwanza. Ikijaa na kushika chaji, betri haina kesi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Betri mpya huweza kweli kuwa mbovu siku ya kwanza, hata bila kosa la kiwanda. Gari hukaa wiki kadhaa melini, kisha bandarini, kisha kwenye uwanja wa muuzaji, na magari yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yanayajua yote matatu, pamoja na joto linaloharakisha betri kujimaliza yenyewe. Watengenezaji wengi huweka hali maalumu ya usafirishaji inayozima sehemu kubwa ya kompyuta. Ikiondolewa mapema, matumizi ya kawaida huanza kuila betri isiyochajiwa na mtu. Betri inapotoa umeme, bamba zake hufunikwa na chembe ndogo za salfeti ya risasi, ambazo huyeyuka kwa urahisi ikichajiwa upesi. Ikiachwa tupu, chembe ndogo huyeyuka na kujishikiza kwenye kubwa, kubwa zikazidi kukua, jambo lililoelezwa na mwanakemia Wilhelm Ostwald mwishoni mwa karne ya 19, na fuwele kubwa ni ngumu kurudishwa. Betri hiyo itasoma volti nzuri asubuhi na kuanguka mara stata inapoguswa. Nakubali kwamba ibadilishwe. Lakini angalia kilichoiua: ni ulaji uleule wa kimya, ila ulitokea kabla mnunuzi hajakabidhiwa ufunguo.

Safari fupi nazo huchangia, kwa sababu betri ya risasi hupokea chaji polepole na dakika kumi za barabarani hazirudishi kilicholiwa usiku. Vichwa vilivyolegea na alteneta mbovu hupimwa upesi, kwa hiyo vipimwe mwanzo. Afrika Mashariki kuna chanzo kingine kisichotoka kiwandani, nacho ni vifaa vya kufuatilia gari vinavyofungwa kwa matakwa ya mkopeshaji au mwenye gari, kengele za ziada, na kamera za dashibodi. Kamera inayolinda gari lililoegeshwa kwa wati 3 hutumia miliampea 250, yaani ampea-saa 6 kwa siku. Kifaa cha kufuatilia kikilala hutumia kidogo sana, lakini kikiwa mahali pasipo na mtandao wa simu huweza kuutafuta bila kukoma, kwa namna ileile ya magari ya Marekani mwaka 2022. Na aliyekifunga akikiunganisha kwenye waya wa mawasiliano wa gari badala ya waya wa umeme pekee, amemuingiza bwenini mgeni asiyejua sheria.

Wapo wanaotarajia gari la umeme litamaliza kadhia hii. Halimalizi. Ioniq 5 yenye betri kubwa ya kilowati-saa 77 bado inategemea betri ndogo ya volti 12, kwa kuwa swichi nzito zinazoiunganisha betri kubwa na gari hufungwa kwa umeme wa ile ndogo. Novemba 2024 Hyundai iliyaita zaidi ya magari 145,000 nchini Marekani, zikiwemo Ioniq 5 na Ioniq 6, kwa sababu kifaa kinachoichaji betri ndogo kingeweza kuharibika. Betri ilikufa tena bila kosa lake, safari hii kwa kutochajiwa. Baadhi ya magari haya yamepewa dawa nyingine: betri kubwa huijaza ndogo mara kwa mara gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo kompyuta isiyolala haiui tena gari asubuhi. Ampea 3 kwa volti 12 ni wati 36, karibu kilowati-saa 0.9 kwa siku, na kwenye betri ya kilowati-saa 77 hiyo ni asilimia moja na ushei. Gari litawaka kila siku, hakuna fundi atakayeitwa, na mwenye gari ataulipia umeme huo kila mwezi bila kujua kwamba kuna kompyuta inayokesha.