Tusingoje Mali Ipotee Ndipo Tuitafute

Maisha ya wananchi wa visiwani yanategemea mno vitu vinavyovuka bahari. Dawa ya mgonjwa aliyeko Wete, pasi ya kijana anayekwenda masomoni ng'ambo, vito vya dhahabu vya bibi harusi, kipuri cha mashine ya boti ya wavuvi wa Tumbatu: vyote hivyo hufungwa katika vifurushi vidogo na kupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe. Ni vifurushi vyepesi kwa uzito lakini vizito kwa thamani. Kikipotea kimoja, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Leo tunapenda kuuzungumzia ulinzi wa vifurushi hivyo, kwa sababu tunaona kwamba jambo hili halijapewa uzito unaostahiki. Ni rahisi mno kungoja mwenye mali alalamike, ndipo uchunguzi uanze. Kwa wakati huo chombo kimekwisha ng'oa nanga, makuli wamebadilishana zamu, na kila anayeulizwa hujibu kwamba yeye alimkabidhi mwenzake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni vyema kwanza tujue hatari ilipo. Kifurushi kilichofungiwa ndani ya chombo katikati ya mkondo wa Pemba hakina njia nyingi za kupotea. Hatari ipo pale kinapotoka mkono mmoja na kuingia mwingine. Kifurushi kinachotoka duka la Kariakoo kwenda Mkoani kupitia Unguja kinaweza kupokewa na karani, kikachukuliwa na dereva, kikapakiwa na kuli, kikatunzwa na baharia, kikapakuliwa Malindi, kikalazwa ghalani, kikapakiwa tena katika chombo cha pili, na kikapakuliwa Pemba. Kila makabidhiano ni mlango. Mlango usio na daftari ni mlango ulio wazi.

Dawa yake si ngeni wala si ya gharama kubwa. Kila anayepokea atie saini na saa aliyopokea. Mfuko wa vitu vya thamani ufungwe kwa lakiri yenye nambari, na nambari hiyo isomwe na pande zote mbili kabla mfuko haujabadilisha mikono. Kifurushi kipimwe uzito pale kinapopokewa na pale kinapotolewa, kwani mzigo uliofunguliwa njiani na kufungwa upya hutajwa na mizani hata kama karatasi yake inang'aa. Mfuko ufunguliwe na watu wawili, si mmoja.

Nazo nambari za rejista hazikuwekwa kwa mapambo. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, kifurushi kinachofuatiliwa kati ya nchi na nchi hupewa alama 13: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi kilikotoka, ambazo kwetu ni TZ. Tarakimu ya tisa hupatikana kwa kuzikokotoa nane zilizotangulia, ili karani akikosea kuandika mashine igundue. Lakini nambari husaidia pale tu inaposomwa katika kila kituo. Ikisomwa Dar es Salaam na isisomwe tena hadi Chake Chake, haitatuambia lolote juu ya yaliyotokea katikati.

Historia inatupa mifano miwili inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1905 almasi ya Cullinan, yenye uzito wa karati 3,106, ilipasa kupelekwa Uingereza kutoka Afrika Kusini. Ilivumishwa kwamba imo katika meli fulani, wapelelezi wakapandishwa humo, na bahasha ikafungiwa katika sefu ya nahodha. Lakini jiwe lililokuwa humo lilikuwa bandia. Almasi yenyewe ilikwenda kwa posta ya rejista, ndani ya sanduku la kawaida lisilovutia jicho la mtu. Na mwaka 1958 sonara Harry Winston aliipeleka almasi ya Hope kutoka New York hadi jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington kwa njia hiyo hiyo ya rejista. Alilipa dola 145.29. Katika hizo, stempu zilikuwa dola 2.44 tu, na zilizobaki takriban zote zilikuwa za bima. Funzo ni kwamba mali ya thamani haihitaji kelele. Inahitaji ukimya, daftari na bima.

Hata hivyo daftari peke yake halitoshi likisomwa baada ya msiba. Jambo tunalolisisitiza ni hili: anayepaswa kuuliza kwanza ni msafirishaji, si mwenye mali. Kama kifurushi kilitarajiwa Mkoani saa nane mchana na saa nane imepita, karani wa Mkoani anyanyue simu saa ile ile, wakati chombo bado kipo gatini na mabaharia bado wapo. Kituo kinachotuma kikijulishe kituo kinachopokea idadi ya mifuko na nambari za lakiri kabla chombo hakijaondoka. Anayejua anachokingoja hugundua upesi kilichokosekana.

Haja hii ni kubwa zaidi kwa dawa. Insulini ya wagonjwa wa kisukari ambayo haijaanza kutumika hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Sanduku lake likiachwa juani gatini, laweza kufika likiwa na lakiri kamili na saini zote, na lisiwe na faida. Kwa hiyo pamoja na kufuatilia mahali kifurushi kilipo, ni lazima kufuatilia hali kiliyo nayo, kwa kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya safari nzima.

Kwa viongozi wetu tuna rai tatu. Kwanza, kila bandari ya abiria iwe na chumba cha kufungwa kwa ajili ya vifurushi vya thamani, chenye daftari na mtu anayewajibika kwa jina. Pili, wanaotoa leseni za usafirishaji wa vifurushi wahakikishe kwamba masharti ya fidia yameandikwa kwa Kiswahili kinachofahamika, na yamebandikwa dirishani. Tatu, ukaguzi ufanywe bila kutangazwa, na usingoje malalamiko.

Wananchi nao wana wajibu wao. Anayeandika thamani ya uongo ili kupunguza ada ya bima asitegemee kulipwa thamani ya kweli. Anayeandika "dhahabu" juu ya karatasi amemwita mwizi kwa jina lake. Na anayempa mzigo wake mtu asiyemjua bila stakabadhi, kwa kuwa tu anapanda boti, ameiweka mali yake juu ya maji.

Bahari itaendelea kututenganisha na ndugu zetu wa ng'ambo ya pili. Kinachovuka bahari hiyo ni amana, na amana hulindwa tangu inapopokewa. Wanaohusika waanze sasa, mali ingali mikononi mwao.